Shajara ya kiboti cha futi nane

Januari 2024

Tumekubaliana mezani: mwaka huu familia nzima inaingia kwenye mbio za boti za mashine. Shajara naiandika mimi kwa sababu ndimi mhasibu wa nyumba hii, na risiti zote zinaishia kwangu.

Mtu akisikia mbio za boti, picha inayomjia ni ya mashindano ya dunia ya F1H2O, yaliyoanza mwaka 1981: madubwana yanayopita kilomita 200 kwa saa na kumeza pesa za kujengea mtaa. Yetu si hayo. Tumechagua Cocktail Class Racer, kiboti cha plaiwudi cha futi 8, mtu mmoja ndani, mashine ya nyuma ya nguvu za farasi 6. Wenye miili mikubwa wana mbio zao za farasi 8. Umbo lake limetokana na Skua, mchoro wa Charles MacGregor wa mwaka 1939, enzi ambazo fundi wa kawaida wa Marekani alinunua mchoro akajiundia boti uani kwake. Hapa Maryland kiboti hiki kinapendwa kwa sababu kinajengwa nyumbani, kinabebeka na watu wawili, na mtoto anaweza kumshinda mtu mzima bila mtu mzima kupata pa kujitetea.

Baba watoto kakulia Pangani, mtoto wa mvuvi. Tangu tuhamie kaunti ya Baltimore amekuwa akiitazama Ghuba ya Chesapeake kama mtu anayesikia harufu ya pilau la jirani. Sasa amepata sababu.

Bajeti ni dola 4,000 kwa kila kitu, pamoja na trela na mashine iliyokwisha kutumika. Nimeiandika kwa wino mwekundu.

Mgawanyo wa kazi: yeye ni fundi mkuu. Kifungua mimba wetu, msichana wa miaka 14, atajifunza kuendesha pamoja na baba yake. Kitinda mimba, miaka 10, ameomba saa na bendera. Bibi, yaani mama mkwe wangu, yuko Pangani na amejiteua mshauri kwa njia ya sauti za WhatsApp.

Februari

Vipande vimefika vikiwa vimeshakatwa. Mbao ni okoume, mti wa misitu ya Gabon na majirani zake. Ni nyepesi, inapinda bila kulalamika, lakini ukiiacha bila gundi juu inakunywa maji na kuoza.

Ujenzi wenyewe umenishangaza. Nilitarajia mkuku, uti wa mgongo wa chombo, kisha mataruma, mbavu zake, kisha mbao, kama ninavyoona vyombo vikiundwa kwetu. Hapa unaanza na ngozi. Kila ukingo unatobolewa matundu madogo, mbao mbili zinasogezwa, unapitisha kipande cha waya wa shaba na kukisokota kwa koleo. Ukikaza waya kidogo kidogo kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, mbao bapa zinajikunja na boti inatokea mbele ya macho yako. Jumamosi moja tu ilitosha kupata umbo. Watoto walidhani tumemaliza.

Tulimwonyesha Bibi kwa video. Akatazama kimya, akasema, "Kumbe mmerudi kwenye mitepe." Hakukosea sana. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Ila shono la mtepe ndilo lililokishika chombo maisha yake yote, na letu ni la kushikiza tu: gundi ikishakauka, waya unatolewa.

Na gundi ndiyo iliyotutesa. Epoksi ni maji mawili unayoyachanganya kwa kipimo, yanapandana, yanatoa joto, yanakuwa jiwe. Lakini haitaki baridi. Chini ya nyuzi 10 hivi inasusa. Baba watoto hakuwa na subira ya kusoma karatasi. Alichanganya na kupaka usiku wa barafu, na asubuhi iliyofuata kila kitu kilikuwa bado kinanata. Ikabidi tuizungushie boti hema la nailoni ndani ya gereji na kuweka hita ya umeme, ile isiyo na moto wa wazi. Ilikauka, polepole, ikiacha utando wa mafuta juu. Utando huo huoshwa kwa maji na sponji kabla ya msasa. Ukiupiga msasa kwanza unausugua ndani ya mbao, na koti linalofuata halishiki.

Sheria ya gereji, nimeibandika ukutani: hakuna anayegusa epoksi bila glavu, hata tone. Ngozi inaweza kuizoea miezi mingi halafu siku moja ikaikataa kwa vipele, na ikishakataa ndiyo basi, hutaigusa tena.

Machi, mwanzoni

Wiki za kona na msasa. Ndani ya kila pembe zinapokutana mbao mbili unajaza gundi iliyokazwa kwa unga wa mbao mpaka ukiinua kijiko isidondoke, kisha unailainisha iwe mviringo. Juu yake unalaza utepe wa fiber, nyuzi za kioo, na kuulowesha mpaka weupe upotee. Nguvu za boti ziko hapo, si kwenye mbao. Kitinda mimba amegundua kwamba kijiko cha plastiki cha aiskrimu kinatoa kona safi kuliko chombo tulichonunua. Nimefuta dola 9 kwenye makadirio ya mwezi ujao.

Kuhusu msasa sina la kusema ila kwamba haukwishi. Barakoa, miwani, redio, na zamu. Binti yetu ndiye mwenye mkono mtulivu. Baba yake anakandamiza mno na kufikia fiber.

26 Machi

Usiku wa kuamkia leo, saa saba na nusu, meli ya makontena iitwayo Dali iligonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, na daraja likaanguka mtoni Patapsco, kwenye njia ya meli ya kuingilia bandari ya Baltimore. Kulikuwa na watu juu wakiziba mashimo ya barabara. (Naongeza baadaye: waliokufa ni sita, wote wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, watu wa kazi za usiku kama wengi tunaowajua.)

Baba watoto anafanya kazi kwenye ghala linalotegemea bandari. Simu haijanyamaza. Gereji imefungwa.

Aprili

Meli haziingii, saa zake za kazi zimepunguzwa karibu nusu. Muda wa boti sasa upo tele na pesa ya boti haipo. Mashine itasubiri. Tunafanya yale ambayo vifaa vyake vimeshalipiwa: msasa (bado), rangi, usukani wa kamba na puli, na karatasi za serikali.

Rangi ni ya chungwa, chini na juu. Binti alitaka nyeusi. Nikamwambia boti nyeusi ikipinduka kwenye maji ya kahawia ya Chesapeake atatafutwa na nani? Kofia yake ya helmeti ni ya chungwa pia.

Kwa karatasi: Maryland inamtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Julai 1972 au baada ya hapo awe na cheti cha elimu ya usalama majini ili aendeshe boti iliyosajiliwa. Tumesoma wote wanne. Kwa hesabu hiyo mtu pekee katika ukoo wetu anayeruhusiwa kuendesha bila cheti ni Bibi, na tumemficha habari hii. Boti ya kujiundia hukaguliwa na kupewa namba yake ya bodi, kisha namba za usajili zinazoanza na MD zinabandikwa pande zote mbili za omo. Nilipofungua faili la risiti, kila waya wa shaba ukiwa na tarehe yake, nilijisikia mtu wa maana katika mradi huu kwa mara ya kwanza.

Mei

Mashine imepatikana kwa mstaafu mmoja anayehamia Florida. Farasi 6, silinda moja, ya petroli tupu isiyochanganywa na oili, uzito karibu kilo 26. Ilipangwa tujaribie Patapsco. Huko bado kuna vyuma vya daraja na vyombo vya uokozi, kwa hiyo tulikwenda Dundee Creek, ndani ya hifadhi ya Gunpowder Falls.

Kwenye vijito vingi vya huku mwendo una kikomo, kilomita 11 hivi kwa saa, kwa hiyo unatoka taratibu mpaka maji yafunguke. Hapo ndipo Baba watoto alipovuta mafuta yote. Boti ikainua pua kama inataka kuangalia mawingu, ikachimba tezi, na ikaendelea hivyo hivyo, kelele nyingi na mwendo wa baiskeli.

Sababu yake inaeleweka ukikaa nayo. Boti ikilala majini husukuma wimbi, na urefu wa wimbi hilo hukua kadiri mwendo unavyoongezeka. Likishalingana na urefu wa boti, chombo kinakuwa kinapanda kilima ambacho kimejitengenezea chenyewe. Kwa boti ya futi 8 hilo linatokea kwenye kilomita 7 kwa saa. Ili uende mbio lazima ukiruke kilima hicho, boti ipande juu ya maji na kuteleza badala ya kuyapasua. Unahitaji nguvu ya kutosha kwa uzito uliopo, na unahitaji uzito uwe mbele wakati wa kupanda.

Baba watoto ana kilo 92. Alipojisogeza mbele mpaka kidevu kikakaribia omo, boti ilipanda kwa shida. Binti ana kilo 51. Alipiga magoti, akainama kidogo, na kabla hatujasema neno alikuwa mbali.

Baba yake alirudi kwenye gari kutafuta kitu ambacho mpaka leo hajakitaja.

Juni

Huu ni mwezi wangu. Nimenunua saa ndogo ya kuhesabu mizunguko ya mashine, na GPS ipo kwenye simu. Daftari ni langu.

Hesabu ni hii. Mashine yetu inazunguka mara 2.15 ili propela izunguke mara moja. Propela ina pichi ya inchi 9, maana yake kama maji yangekuwa mbao na propela skrubu, kila mzunguko ungeisogeza boti inchi 9. Maji si mbao, kwa hiyo sehemu ya safari hiyo inapotea. Nataka kujua inapotea kiasi gani.

Siku ya kwanza ya kupima, binti akiwa ndani: mizunguko 5,400 kwa dakika. Ukigawa kwa 2.15, ukazidisha kwa inchi 9, unapata maili 21.4 kwa saa. GPS ilisoma 17.5. Asilimia 18 imemezwa na maji.

Mashine ilikuwa imekaa chini mno, mguu wake unaburuta. Tukaipandisha kwa kipande cha mbao juu ya ubao wa tezi, nusu inchi, tukapima. Tukaipandisha tena, tukapima. Ilifika mahali propela inavuta hewa kwenye kona na mashine inapiga kelele bila kusukuma, tukashusha kidogo. Kisha pini ya mteremko wa mashine, tundu moja ndani, ili pua isirukeruke. Mwisho wa yote: mizunguko 5,800, ambayo kwa hesabu ni maili 23.0, na GPS ikasoma 20.5. Hasara asilimia 11. Maili tatu zimepatikana bila kununua hata skrubu, kwa mbao na daftari. Kwa viboti hivi vyenye mashine za kiwandani, ambapo kila mtu ana farasi wale wale, maili tatu ni tofauti ya kuongoza na kuburuta mkia.

Baba watoto, kwenye mpangilio huo huo, anapata 16. Alipendekeza kwamba daftari lina upendeleo.

Pia nimeanza kuendesha mimi. Wanawake si wageni katika mchezo huu: Betty Cook wa California alikuwa ameshapita miaka 50 alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za boti za bahari kuu mwaka 1977, akiwashinda wanaume. Mimi nina 43 na goti moja bovu. Nimetoa 18.9.

Kona tumezifanyia mazoezi wiki nzima. Mbio zinazunguka kushoto. Unapolikaribia boya unahamisha uzito wa mwili kushoto na mbele, unapunguza mafuta kwa pumzi moja, unakata usukani, na unafungua tena kabla kona haijaisha. Ukiegemea nje, kama mwili unavyotaka wenyewe, ukingo wa boti unakamata maji na unarushwa. Tulipindua makusudi kwenye maji ya kiunoni, mmoja mmoja, tukiwa na helmeti na jaketi okozi, ili kila mtu ajue giza la chini ya boti likoje na njia ya kutokea iko wapi. Kitinda mimba alitaka kurudia.

Kamba ya kuzimia mashine inafungwa mguuni kabla ya kuwasha. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya Marekani inailazimisha kwa boti ndogo, lakini hata isingekuwepo: boti isiyo na mtu huzunguka duara, na duara hilo linamrudia aliyeanguka.

Bandari imefunguliwa kikamilifu mwezi huu. Saa za kazi zimerudi.

Julai

Joto, yavuyavu majini, na Bibi amewasili. Siku ya pili aliomba kuona boti. Akaikagua kwa kiganja chote, akagonga ubavu, akauliza kama tumepaka sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo. Mwanawe akaeleza epoksi kwa urefu. "Haya," akasema, "na ikivuja?" Haijavuja, mama. "Nimeuliza ikivuja." Sasa kuna kata ya plastiki imefungwa kwa kamba karibu na tezi.

Mazoezi yamepungua kwa sababu maji yamejaa maboya ya mitego ya kaa, na kamba yake ikijisokota kwenye propela siku imekwisha. Kaa wenyewe tumewala kwa nazi.

Agosti, mbio

Mji mdogo ng'ambo ya ghuba. Kwenda huko lazima uvuke Daraja la Bay, urefu wa karibu kilomita 7, jembamba, limepinda katikati ya maji. Mtoto wa mvuvi wa Pangani alilivuka macho yamekazia namba ya gari la mbele, trela ikipiga nyuma, na Bibi akisoma nyiradi kwa sauti.

Niliyoyajua kuhusu kuanza nilikuwa nimeyasoma tu. Hakuna kusimama mstarini. Boti zote zinazunguka nyuma, saa inahesabu kurudi sifuri, na unatakiwa upite mstari kwa kasi kamili katika sekunde ile. Ukiwahi unaadhibiwa. Ukichelewa unakula maji ya wenzako, na kwenye kiboti cha futi 8 maji ya wenzako ni ukuta. Kwa hiyo mtu wa nchi kavu mwenye saa na bendera ana thamani kubwa, na wa kwetu ana miaka 10. Walikuwa wamepanga na dada yake: akiinua bendera ya njano zimebaki sekunde 15, geuka.

Mbio za kwanza za vijana: binti aligeuka kwa wakati, lakini mvulana mmoja mbele yake alisita na naye akaachia mafuta. Boti ikalala. Kuipandisha tena kulimgharimu nafasi zote. Akamaliza wa tano kati ya sita. Alitoka majini midomo imembana. Baba yake akataka kumweleza kona. Bibi akamshika mkono mwanawe, akamwambia, "Mwache apumue, baba."

Aliyeongea ni mdogo wake. Alimwambia mvulana yule huwa anasita kila mara kabla ya mstari, alikuwa amemwangalia kwenye mazoezi ya asubuhi. Pita nje yake.

Mbio za pili alipita nje. Kwenye boya la kwanza alikuwa wa pili, la tatu akawa wa tatu kwa sababu msichana mmoja mwenye uzoefu alimkata kwa ndani kwa ustadi ambao hata mimi nilipiga makofi. Akamaliza hapo, wa tatu. Bibi alipiga vigelegele gati zima likageuka, na mzee mmoja aliyekuwa anapima muda akauliza kama kuna dharura.

Baba watoto alishindana na watu wazima kwa mashine ile ile ya farasi 6, kwa hiari yake. Wa mwisho. Alipunga mkono njia nzima. Mimi nilimaliza wa nne katika mbio za wanawake, na goti bado linanidai.

Oktoba

Boti iko ndani. Mashine imesafishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, oili ya gia imebadilishwa, petroli yote imetolewa kwenye kabureta. Petroli ya huku ina asilimia 10 ya ethanoli, inavuta maji ikikaa, na masika utakuta mashine haiwaki. Ubavu wa kushoto una mkwaruzo uliofikia mbao. Utakaushwa kabisa kabla ya kupakwa gundi, na safari hii hita inawashwa kwanza.

Matumizi yote: dola 3,870, bila kuhesabu daraja na chakula.

Msimu ujao kitinda mimba anataka kuendesha, na Baba watoto anataka boti yake, yenye farasi 8. Mashine ya pili nimeikataa mpaka Machi. Vipande vya boti ya pili nimekubali, kwa sharti kwamba soko liamue: vikikosekana vilivyokwisha kutumika, hatununui. Wakati naandika haya yeye yuko gerejini na futi ya kupimia. Boti mbili zinaenea. Gari haliingii, kwa hiyo litalala nje.